Kuhamisha siri za programu kutoka .env hadi hifadhi ya mfumo endeshi: shajara ya mradi

Programu ninayoiandikia shajara hii ni ndogo. Kila usiku inachota data kutoka huduma tatu, inaipanga kwenye hifadhidata, kisha inatuma muhtasari kwa barua pepe. Tunaitumia watu watatu: mimi kwenye Linux, mwenzangu mmoja kwenye Windows na mwingine kwenye macOS. Nakala ya nne iko kwenye seva isiyo na skrini. Siri zake ni tano: tokeni tatu za huduma (mifuatano ya herufi inayoiruhusu programu kuingia), nenosiri la barua pepe, na ufunguo mmoja mrefu wa akaunti ya huduma ulioandikwa kwa JSON, mfumo wa kupanga data kwa maandishi. Zote zilikuwa zikikaa kwenye faili moja la `.env`, yaani faili la mipangilio ambalo programu hulisoma inapoanza, kwa maandishi wazi.

Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye programu ya namna hii aweze kufuata njia hii. Palipokwenda vizuri nitapita haraka.

## 3 Machi 2025: Kuhesabu nakala

Kabla ya kuhamisha chochote nilitaka kujua siri zimesambaa kiasi gani. Nilidhani ziko mahali pamoja. Nikaanza na Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo:

```
git log --all --oneline -- .env
```

Yakatokea mabadiliko mawili ya wiki ya kwanza ya mradi, kabla sijaongeza `.env` kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili yasiyochukuliwa na Git. Faili nililifuta siku zile zile na nikaona yamekwisha, kumbe historia ya Git haisahau. Nakala ya pili ilikuwa ndani ya zipu niliyomtumia mwenzangu alipoanza kazi. Ya tatu ilikuwa kwenye historia ya terminali yangu, kwa sababu siku moja niliendesha programu nikiwa nimeandika tokeni moja kwa moja kwenye mstari wa amri. Ya nne ilikuwa kwenye diski ya nakala rudufu.

Hapo nikafanya kosa la mpangilio. Nilikimbilia kusafisha historia kwa `git filter-repo`, nikatumia karibu saa tatu, nikawalazimu wenzangu wafute repo zao (nakala za mradi) na kuzichukua upya. Nilipomaliza ndipo nikajiuliza: aliyekwisha kuchukua nakala wiki zilizopita nimemnyang'anya nini? Hakuna. Tokeni aliyonayo bado inafanya kazi. Kilichopaswa kutangulia ni kuzibatilisha tokeni zenyewe, kazi ya dakika chache kwenye ukurasa wa kila huduma. Historia ingesubiri.

Nikazibatilisha zote tatu, nikabadilisha nenosiri la barua pepe, na ufunguo wa JSON nikautoa mpya. Gharama ya siku: saa tano na ripoti ya usiku mmoja iliyokosekana, kwa kuwa nilisahau kuipa seva tokeni mpya.

## 6 Machi: Hifadhi inalinda nini hasa

Kila mfumo endeshi mkubwa una mahali pake pa kutunzia siri. macOS ina Keychain. Windows ina Credential Manager, na chini yake DPAPI, sehemu ya Windows inayofungia data ya mtumiaji, iliyokuja na Windows 2000. Kwenye Linux kuna Secret Service, ambayo ni makubaliano ya mawasiliano kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mtoaji wake kwenye kompyuta yangu ni GNOME Keyring, lakini hata KeePassXC inaweza kuifanya kazi hiyo. Kwa kuwa programu imeandikwa kwa Python, nilichagua maktaba ya `keyring`, inayozungumza na zote tatu kwa kazi tatu tu: `set_password`, `get_password` na `delete_password`.

Kabla ya kuandika msimbo nilikaa na swali moja: nikishaweka siri humo, nani hawezi tena kuisoma? Jibu ni finyu kuliko nilivyotarajia, na naona ni lazima lisemwe wazi. Anayeiba diski hawezi, almradi nenosiri la kuingilia kwenye kompyuta ni imara. Anayepata nakala rudufu ya folda yangu hawezi. Mtumiaji mwingine wa kompyuta ile ile hawezi. Na siri haiwezi tena kuingia Git kwa bahati mbaya, kwa kuwa hakuna faili la kuingiza.

Lakini programu nyingine inayoendeshwa kwa jina langu, wakati nimeshaingia, inaweza. Kwenye Windows mchakato wowote wa mtumiaji yule yule unaweza kuita `CredRead` na kupewa siri. Kwenye Linux, kufuli la GNOME Keyring likishafunguliwa kwa nenosiri la kuingilia, programu yoyote iliyo kwenye kikao changu inaweza kuuliza na kujibiwa. macOS inajitahidi zaidi, na nitaifikia. Kwa hiyo hifadhi hii haimalizi tatizo la programu hasidi iliyokwisha kuingia ndani. Inamaliza tatizo la siri kulala kwenye faili, na kwetu hilo ndilo lililokuwa likituumiza.

Jambo moja dogo la Linux: sifa unazoipa siri ili uitafute baadaye, kama jina la huduma na la akaunti, hazihesabiwi kuwa siri. Usiweke humo chochote ambacho hungependa kionekane. Pia kumbuka kuwa `secret-tool search` haikuonyeshi majina peke yake, inachapisha na siri yenyewe kwenye skrini. Niliiendesha huku mwenzangu akitazama skrini yangu kwa mbali. Hakukuwa na madhara, lakini tokeni ile niliibadilisha.

## 8 Machi: Skripti ya kuhamisha, na tokeni ndani ya logi

Skripti ya kuhamisha ilikuwa na mistari kumi na miwili: soma `.env` mstari kwa mstari, gawanya kwenye alama ya `=`, ita `keyring.set_password("ripoti", jina, thamani)`. Iliendeshwa bila kulalamika. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa:

```
python -m keyring get ripoti tokeni_a
```

Tokeni ikachapishwa kama nilivyoijua. Nikafuta `.env`, nikaondoka.

Asubuhi programu ilikuwa imeanguka. Python inaposoma faili mstari kwa mstari huacha alama ya mstari mpya mwishoni mwa kila mstari, nami sikuiondoa. Kwa hiyo kila siri iliingia hifadhini na herufi moja ya ziada isiyoonekana. Ndiyo maana kwenye terminali sikuona tofauti: mstari mpya mmoja ulifuatwa na mwingine.

Hilo pekee lingekuwa kosa la dakika tano. Kilichonisumbua ni ujumbe wa kosa wenyewe. Tokeni hutumwa kwenye kichwa cha ombi la HTTP, na `http.client` ya Python hukataa thamani yenye mstari mpya ndani yake, jambo ambalo ni sahihi. Ila inapokataa inasema hivi:

```
ValueError: Invalid header value b'Bearer ...\n'
```

Mahali nilipoweka nukta tatu palikuwa na tokeni nzima. Programu yangu huandika kila kosa kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za matukio. Logi hutumwa kwenye seva ya kukusanyia logi, na huko zinahifadhiwa siku 30. Siri niliyoitoa kwenye faili moja nililolijua nikawa nimeipeleka kwenye mafaili ambayo hata idadi yake siijui.

Tokeni zote tatu zikabatilishwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Safari hii nilianza na hilo.

## 9 Machi: Marekebisho ya logi

Nimefanya mambo matatu, na yote nashauri yafanyike kabla ya kuhamisha siri yoyote.

Skripti sasa inakagua kabla ya kuhifadhi. Tokeni ikiwa na nafasi, mstari mpya au herufi yoyote isiyochapika, inakataa na kutaja jina la siri pekee. Sikuiruhusu ijisafishie kimya kimya, maana nenosiri linaweza kuwa na nafasi kihalali, na ningependa kuulizwa kuliko kubadilishiwa.

Baada ya kuhifadhi, skripti inaisoma siri upya kutoka hifadhini na kuilinganisha na ya mwanzo kwa urefu na kwa herufi. Kutazama kwa macho hakutoshi. Nimeshaona.

Na sehemu ya programu inayotuma maombi imefungwa kwa namna kwamba kosa likitokea, logi inapata aina ya kosa na anwani ya huduma, basi. Maelezo kamili ya kosa hayaandikwi popote. Nilijaribu kwanza kichujio kinachotafuta tokeni ndani ya maandishi ya logi na kuifuta, lakini ndani ya saa moja niliona kinashindwa: siri ikipita kwenye `repr`, kazi ya Python inayoonyesha maandishi kama yanavyoandikwa kwenye msimbo, alama kama mkwaju wa nyuma huandikwa mara mbili, na kichujio hakiitambui tena. Ni salama zaidi kutoandika kuliko kuandika na kufuta.

Gharama: saa nne.

## 14 Machi: Windows na kosa 1783

Tokeni tatu na nenosiri vikaingia Credential Manager mara moja. Ufunguo wa JSON ukakataa:

```
(1783, 'CredWrite', 'The stub received bad data')
```

Ujumbe huo haukusaidii hata kidogo. Nilipoteza jioni nzima nikichunguza alama za nukuu na mistari mipya iliyomo kwenye JSON, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye tatizo la mstari mpya na kila kitu nilikiona kwa jicho hilo. Sababu ni ukubwa. Windows hairuhusu siri moja ya aina hii kuzidi baiti 2560, na `keyring` huhifadhi maandishi kwa UTF-16, yaani baiti mbili kwa kila herufi ya kawaida. Nafasi halisi basi ni herufi 1280. Ufunguo wangu ulikuwa na herufi zaidi ya 2300.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuukata vipande viwili, `ufunguo_1` na `ufunguo_2`, na kuviunganisha wakati wa kusoma. Lilifanya kazi hadi nilipojaribu kubadilisha ufunguo. Kipande cha kwanza kiliandikwa, nikakatiza programu kwa makusudi, na hifadhi ikabaki na nusu mpya na nusu ya zamani. JSON iliyounganishwa haikusomeka. Ningeweza kuongeza namba ya toleo na ukaguzi wa kuona kama vipande vinaoana, lakini kufikia hapo nilikuwa najenga hifadhidata ndani ya sanduku lisilotengenezwa kwa kazi hiyo.

Njia niliyobaki nayo ni ya kawaida kwa siri kubwa. Ndani ya hifadhi ya mfumo ninaweka ufunguo mfupi wa kusimbia, yaani wa kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo huo. Natumia Fernet kutoka maktaba ya `cryptography`, na ufunguo wake ni herufi 44. JSON yenyewe inasimbwa kwa ufunguo huo na kukaa kwenye faili la kawaida ndani ya folda ya mtumiaji. Anayelipata faili bila hifadhi hana kitu. Kubadilisha ni kuandika faili jipya pembeni kisha kulihamishia kwenye jina la zamani kwa hatua moja, kwa hiyo hakuna nusu kwa nusu tena.

Nimeitumia njia hii kwenye mifumo yote, hata pale pasipo na kikomo cha 2560. Sitaki msimbo unaofanya jambo moja huku na lingine kule.

## 21 Machi: macOS, na ruhusa inayopewa asiye mhusika

Keychain haiangalii mtumiaji peke yake, inaangalia pia ni programu gani inayouliza. Programu iliyoiweka siri inaisoma bila maswali. Programu nyingine ikiijia, linafunguka dirisha la kumwomba mtumiaji ruhusa. Nilifurahi, maana huu ndio ulinzi ambao kwenye Linux na Windows sikuupata.

Kisha mwenzangu akaandika skripti ya mistari mitatu, isiyohusiana na programu yetu, akaiendesha kwa Python ile ile, na tokeni ikatoka bila dirisha lolote. Kwa Keychain, "programu" ni Python yenyewe, si skripti iliyopewa isome. Ukiipa Python ruhusa, umezipa ruhusa skripti zote zinazoendeshwa na Python hiyo. Njia ya kulitatua kabisa ni kuifunga programu kuwa kifurushi kimoja chenye saini yake ya kidijitali. Tumeliweka kando kwa sasa, lakini programu sasa ina Python yake peke yake, isiyotumika kwa kazi nyingine.

Mtego wa pili unafanana na huo. Ukiweka siri kwa amri ya `security add-generic-password`, inayoaminiwa ni amri ya `security`, na kila kitu kinachoweza kuiita amri hiyo kinaweza kuisoma siri kimya kimya. Kwa hiyo siri zinawekwa na programu yenyewe, si kwa amri ya terminali. Ukilazimika kutumia amri, weka `-w` mwishoni bila thamani ili uulizwe, la sivyo siri itabaki kwenye historia ya terminali na kuonekana kwenye orodha ya michakato.

Mwenzangu alipoingia kwenye Mac yake kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia terminali, akapata kosa -25308, lenye maana kwamba mfumo ulitaka kumwuliza mtumiaji jambo na hapakuwa na skrini ya kumwulizia. `security unlock-keychain` inalitatua kwa kikao hicho. Na Python ilipoboreshwa, dirisha la ruhusa lilirudi kwa kila siri, mara tano mfululizo. Nimemwomba asizoee kubonyeza "ruhusu daima" bila kusoma, maana siku moja atakayeuliza hatakuwa sisi.

## 29 Machi: Seva

Kwenye seva, `keyring` ilisema mara moja haina hifadhi: `NoKeyringError`. Seva haina kikao cha skrini, haina D-Bus ya mtumiaji, haina GNOME Keyring. Nikasakinisha `keyrings.alt`, kosa likatoweka, ripoti ya usiku ikatoka. Imekamilika.

## 9 Aprili: Haikukamilika

Ingizo lililo juu ya hili ni fupi, na ufupi wake ndio kosa kubwa kuliko yote ya mradi huu. Nimeliacha kama lilivyo.

Jana nilikuwa nafuta mafaili ya zamani kwenye seva nikakuta hili:

```
~/.local/share/python_keyring/keyring_pass.cfg
```

Ndani yake kulikuwa na siri zetu zote zilizoandikwa kwa Base64. Base64 si kusimba, ni namna nyingine ya kuandika herufi zile zile, na amri moja inazirudisha. `keyrings.alt` ni mkusanyiko wa hifadhi mbadala, mojawapo ikiwa ya maandishi wazi. `keyring` ilipokosa hifadhi nzuri ilichukua iliyokuwepo, nami ndiye niliyeiweka ipatikane. Kwa siku 11 programu ilikuwa ikiita `get_password`, jina lenye kutuliza moyo, na kusoma faili lisilo na tofauti yoyote ya maana na `.env` niliyoikimbia. Tofauti pekee ilikuwa mbaya zaidi: `.env` nilijua iko wapi.

Kosa la `NoKeyringError` lilikuwa likiniambia ukweli. Nililichukulia kama kizuizi cha kuondoa badala ya jibu la kusoma.

Tokeni zimebatilishwa mara ya tatu. Maktaba ile imeondolewa kwenye seva na kwenye kompyuta zote. Na programu haiachiwi tena ichague:

```
import sys
import keyring

def chagua_hifadhi():
    if sys.platform == "darwin":
        from keyring.backends.macOS import Keyring
    elif sys.platform == "win32":
        from keyring.backends.Windows import WinVaultKeyring as Keyring
    else:
        from keyring.backends.SecretService import Keyring
    keyring.set_keyring(Keyring())
```

Nilianza na njia nyingine, ya kuiacha maktaba ichague kisha kukagua jina la ilichochagua. Ilikataa kompyuta yangu mwenyewe, kwa sababu zikiwepo hifadhi zaidi ya moja `keyring` huziunganisha na kurudisha kiunganishi kinachoitwa `chainer`. Ningekiruhusu kiunganishi, nisingejua siri imeangukia hifadhi ipi kati ya zilizounganishwa. Kwa hiyo nachagua mwenyewe, na hifadhi niliyoichagua ikikosekana programu inasimama na kusema.

Kwa wanaofuata njia hii: endesheni `python -m keyring --list-backends` kwenye kila mashine, na msome kila mstari. Maktaba ya maandishi wazi inaweza kuingia kama tegemezi la kifurushi kingine bila ninyi kuisakinisha.

## 12 Aprili: Seva tena, kwa systemd

Mtu anaweza kuiwasha GNOME Keyring kwenye seva kwa `dbus-run-session` na kuipa nenosiri la kufungulia. Nilijaribu, inawezekana. Lakini nenosiri hilo la kufungulia litakaa wapi ili ripoti itoke usiku wa manane bila mtu? Kwenye faili. Nikawa nimeisogeza siri hatua moja tu.

Huduma inayoendeshwa na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, ina njia yake. Tangu toleo la 250, lililotoka Desemba 2021, kuna amri ya `systemd-creds` inayosimba siri kwa ufunguo wa mashine hiyo, na systemd huifungua pale huduma inapoanza tu:

```
systemd-ask-password -n | systemd-creds encrypt \
  --name=tokeni_a - /etc/credstore.encrypted/tokeni_a
```

Kwenye faili la huduma:

```
[Service]
LoadCredentialEncrypted=tokeni_a:/etc/credstore.encrypted/tokeni_a
```

Programu inasoma siri kama faili ndani ya folda inayotajwa na `$CREDENTIALS_DIRECTORY`. Folda hiyo iko kwenye kumbukumbu, si kwenye diski, na huduma ikisimama inatoweka. Ile `-n` inazuia mstari mpya mwishoni. Nilihakikisha.

Mara ya kwanza huduma ilikataa kuanza, ikaacha msimbo 243/CREDENTIALS. Nilikuwa nimesimba bila `--name` na kuliita faili `tokeni_a.cred`. Jina la siri hufungwa ndani ya usimbaji, na lisipotajwa huchukuliwa kutoka jina la faili. Huduma iliomba `tokeni_a`, ndani mlikuwa na `tokeni_a.cred`, systemd ikakataa. Inafaa ikatae: bila hivyo mwenye uwezo wa kuandika kwenye folda ile angeweza kuihamishia siri moja mahali pa nyingine.

Mpaka wa ulinzi huu usemwe. Mashine yenye TPM2, chipu ya kutunzia funguo, inaweza kuufunga ufunguo kwenye chipu. Seva yetu haina, kwa hiyo ufunguo uko kwenye `/var/lib/systemd/credential.secret`, diski ile ile. Mwenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, anasoma vyote. Anayeiba diski isiyosimbwa anapata vyote. Anayepata nakala rudufu ya `/etc` peke yake hapati kitu, na hilo nimelijaribu: nililipeleka faili lililosimbwa kwenye mashine nyingine, likagoma kufunguka. Nimekagua pia kuwa nakala rudufu yetu haichukui `/var/lib/systemd`.

Gharama: saa sita, mbili kati ya hizo kwa ajili ya jina.

## 20 Aprili: Nenosiri lililowekwa upya

Mwenzangu wa Windows alisahau nenosiri la kompyuta yake, akawekewa jipya kwa akaunti ya msimamizi. Aliporudi, hifadhi haikufunguka. DPAPI huzifunga siri kwa nenosiri la mtumiaji. Mtumiaji akilibadilisha mwenyewe, akiwa analijua la zamani, funguo zinasimbwa upya. Msimamizi akiliweka upya kwa nguvu kwenye akaunti ya kompyuta hiyo, la zamani halipo na siri zimeondoka nalo. macOS ina tabia inayofanana: nenosiri likiwekwa upya, Keychain ya kuingilia inabaki na la zamani.

Alinipigia akiwa na wasiwasi kuwa ameharibu. Hakuharibu chochote, hifadhi ilifanya ilichoahidi. Lakini nilikuwa sijaandika popote namna ya kurudi kutoka hapo.

Wazo la kwanza lilikuwa kuweka nakala ya siri mahali salama. Nimelikataa, maana ndiyo njia iliyotufikisha kwenye nakala nne za mwezi wa tatu. Badala yake repo ina faili linaloeleza kila siri hutolewa ukurasa upi, nani ana haki ya kuitoa, na ina ruhusa zipi, bila siri yenyewe. Kila mashine sasa ina tokeni zake. Ya Windows ikipotea, inabatilishwa na kutolewa nyingine, na sisi wengine hatuguswi. Mwenzangu alirudi kazini baada ya dakika 20.

Kwangu kwenye Linux nilikutana na jambo dogo la jamii hiyo: nilikuwa nimeiruhusu kompyuta iingie yenyewe bila nenosiri. Bila nenosiri kuandikwa, PAM, sehemu ya Linux inayosimamia kuingia, haina cha kulifungulia kufuli la GNOME Keyring, na programu ya usiku ilikuwa ikisubiri dirisha ambalo hakuna mtu wa kulijibu. Nimeondoa kuingia kwenyewe.

## 4 Mei: Zoezi la kubadilisha zote

Leo tulijifanya siri zote tano zimevuja kwenye mashine zote nne. Tulizibatilisha, tukatoa mpya, tukaziweka, na kuendesha ripoti. Dakika 41. Mwezi wa tatu kazi hiyo kwa mashine moja ilinichukua asubuhi nzima na bado nilisahau seva. Sehemu iliyochelewesha ni ufunguo wa JSON, kwa sababu ya hatua mbili za kusimba. Nimeandika amri ndogo inayozifanya zote mbili.

Jumla ya muda wangu hadi sasa ni takriban saa 38, na tokeni zimebatilishwa raundi tatu za dharura. Yaliyobaki: kifurushi chenye saini kwa ajili ya macOS, na diski iliyosimbwa kwenye seva, ambayo itahitaji kuihamisha seva yenyewe.

Faili la mwisho la `.env`, lile la kwenye diski ya nakala rudufu, nimelifuta leo jioni. Tokeni zilizokuwamo zilishakufa tangu tarehe 3 Machi.